Sasisho la Windows Likigoma: Usafishe, Utengeneze, Usakinishe Juu Yake au Upige Windows Mpya?

Sasisho linapogoma kwa mara ya tatu, swali ambalo mwenye kompyuta humuuliza fundi huwa moja tu: je, tupige Windows mpya? Fundi mwenye foleni ya wateja mlangoni hujibu ndiyo, kwa kuwa kufuta kila kitu na kuanza upya ni kazi anayoijua kwa moyo, haimchukui nusu siku, na hakuna atakayemlaumu kwamba tatizo halikuondoka. Gharama hubaki kwa mteja: programu ya mahesabu iliyosakinishwa na mtu ambaye sasa hapatikani, draiva ya printa (programu ndogo inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa) ambayo CD yake ilipotea zamani, na bando la kupakulia kila kitu upya. Makala haya yanalinganisha njia za kutibu sasisho lililogoma kwenye kompyuta ya nyumbani yenye Windows 10 au Windows 11, yakizipima kwa mambo manne ambayo mtu wa kawaida huyahisi mfukoni na moyoni: bando, muda, usalama wa faili na ujuzi unaohitajika. Msimamo wangu niuseme mapema. Kupiga Windows mpya ni njia halali, lakini ipo njia moja kabla yake inayotibu karibu magonjwa yaleyale bila kugusa programu wala picha zako, nayo haijulikani kama inavyostahili.

Limegomea wapi?

Hakuna njia iliyo bora kwa kila hali, na anayechagua dawa kabla ya kujua ugonjwa umekaa wapi huishia kuzijaribu zote. Sasisho lina safari ya hatua tatu. Kwanza hupakuliwa kutoka intaneti. Pili hufunguliwa na kusakinishwa wakati wewe bado unaendelea na kazi zako. Tatu hukamilishwa baada ya kompyuta kuwashwa upya, pale unapoona duara likizunguka na asilimia zikihesabiwa huku ukiambiwa usizime.

Likigoma katika hatua ya kwanza, yaani asilimia ya kupakua inabaki palepale au inarudi sifuri kila siku, mfumo wenyewe kwa kawaida hauna ubaya. Ubaya huwa kwenye mtandao, kwenye nafasi ya diski au kwenye saa ya kompyuta. Namba za hitilafu zinazoanza na 0x8024 hutolewa na wakala wa masasisho mwenyewe, na nyingi kati yake huhusu mawasiliano na seva. 0x80070070 haina fumbo, maana yake diski imejaa. Likigoma katika hatua ya pili, kwa mfano likafika mbali katika kusakinisha kisha likaandika 0x80073712 au 0x800f081f, basi ghala la vipande vya mfumo, lililo katika folda ya WinSxS, limeharibika au limepungukiwa. Na likigoma katika hatua ya tatu, ukaandikiwa kwamba mabadiliko yanatenduliwa na kompyuta ikarudi ilikokuwa jana, mshukiwa wa kwanza ni draiva, au programu ya kuzuia virusi uliyoiweka mwenyewe mbali na ile inayokuja na Windows. Wakati wa kupanda kutoka toleo moja kwenda jingine, namba inayoanza na 0xC1900101 ni kama saini ya draiva.

Namba hizo huonekana kwenye historia ya masasisho, ndani ya mipangilio ya Windows Update. Inafaa kuipiga picha kwa simu kabla ya kufanya lolote, kwa sababu mojawapo ya njia nitakazozieleza hufuta historia hiyo.

Nitoe mfano mmoja wa hatua ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayowagharimu watu bila sababu. Shemeji yangu wa Morogoro ana kompyuta ya mezani ya mtumba. Alinipigia simu akasema, "Shemeji, nimenunua bando mara mbili, na bado inasema sifuri." Nilimwomba anisomee tarehe iliyoandikwa pembeni chini ya kioo. Alikaa kimya kidogo, kisha akasoma tarehe ya miaka kadhaa iliyopita. Kila umeme ulipokatika, saa ya kompyuta ile ilirudi nyuma, kwa kuwa ile betri ndogo ya duara kwenye ubao mama, ambayo mafundi huiita betri ya BIOS, ilikuwa imekufa. Mawasiliano salama na seva hutegemea vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani iko miaka ya nyuma huvikataa, na sasisho halipakuliki hata mtandao uwe na kasi gani. Alibadilishiwa betri, akarekebisha tarehe, na sasisho likashuka usiku uleule. Hapakuhitajika fundi wa Windows, wala amri yoyote.

Kusafisha folda na kutengeneza mfumo

Njia mbili zinazotajwa kila mahali, na ambazo watu huzichanganya kana kwamba ni moja, ni kufuta folda ya masasisho na kuendesha amri za matengenezo. Kabla yake kipo kitatuzi kilichomo ndani ya Windows yenyewe, kwenye sehemu ya "Troubleshoot" ya mipangilio. Hakili bando la maana, humaliza kwa dakika chache na hakihatarishi faili. Kijaribu mara moja, na kisipofaa usikirudie.

Kufuta folda kunahusu hatua ya kwanza. Windows huhifadhi inachopakua katika C:\Windows\SoftwareDistribution, na kipande kilichokatika njiani, pengine kwa sababu bando liliisha katikati, kinaweza kubaki humo kikizuia kilicho kizima. Unafungua dirisha la amri (Command Prompt) kama msimamizi (Run as administrator), unasimamisha huduma mbili kwa kuandika net stop wuauserv kisha net stop bits, unabadilisha jina la folda ile kwa ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old, halafu unaziwasha huduma zilezile kwa net start. Windows huunda folda mpya yenyewe. Nasema kubadilisha jina badala ya kufuta kwa makusudi, kwa sababu jina hurudishwa na kilichofutwa hakirudi. Baadhi ya maelezo huongeza folda ya catroot2 iliyomo ndani ya System32, nayo inaruhusiwa kubadilishwa jina baada ya kusimamisha huduma ya cryptsvc. Ila jirani yake iitwayo catroot, isiyo na namba mbili mwishoni, isiguswe kabisa.

Hasara ya njia hii ni bando. Kama ulikwisha kupakua sehemu kubwa ya sasisho, yote hiyo inahesabika kuwa imepotea, na kazi inaanza tena sifuri. Kwa mwenye faiba nyumbani hilo si neno. Kwa anayetumia simu kama modemu, ni vyema ahakikishe kwanza kwamba anachofuta kweli kimeharibika, na pia kwamba hakuiwekea Wi-Fi yake alama ya mtandao wa kulipia kwa kipimo ("metered connection"), kwa maana mpangilio huo huizuia Windows kupakua masasisho mengi mpaka umeruhusu, na wengi huusahau kisha wakadhani ni ugonjwa.

Kutengeneza mfumo kunahusu hatua ya pili, na hapa amri ni mbili zinazofuatana. Ya kwanza ni DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ambayo hukagua ghala la vipande na kulitengeneza. Ya pili ni sfc /scannow, ambayo hulinganisha faili za mfumo zinazotumika na zile za ghalani na kurudisha zilizoharibika. Mpangilio huo una sababu yake: sfc huchota kutoka ghalani, kwa hiyo ukianza nayo huku ghala lenyewe ni bovu, unachota maji machafu kusafishia vyombo. DISM huonyesha mstari wa vistari na asilimia, na mara nyingi husimama kwenye 62.3 kwa muda mrefu kiasi kwamba mtu huanza kuikodolea macho, feni ikivuma na mshale wa kipanya ukisuasua. Kusimama huko si kufa. Kwenye diski ya zamani inayozunguka, muache aendelee na wewe nenda kapike.

Kasoro ya DISM ni kwamba, usipomwelekeza, huchukua vipande vizima kutoka Windows Update, yaani kulekule kulikogoma. Ndiyo maana huweza kuishia na 0x800f081f, maana yake chanzo hakikupatikana. Hapo inabidi umpe chanzo kingine, ambacho ni faili ya ISO ya Windows ya toleo lilelile, yaani faili moja iliyobeba CD nzima ya kusakinishia, kwa kuongeza /Source na /LimitAccess kwenye amri. Lakini ukishafikia kuitafuta ISO yenye gigabaiti zaidi ya 5, ushauri wangu ni kuacha kuhangaika na DISM na kuitumia ISO hiyohiyo kwa njia nitakayoieleza baadaye kidogo, maana itafanya kazi kubwa zaidi kwa gharama ileile ya bando.

Ukizilinganisha, basi, kufuta folda huchukua dakika tano na kula bando, ilhali DISM na sfc hula muda na bando kidogo tu. Zote mbili haziigusi picha yako hata moja. Ujuzi unaotakiwa ni kuandika amri bila kukosea nafasi kati ya maneno. Na hakuna hata moja kati yake inayosaidia hatua ya tatu, ambako tiba ya kwanza huwa ni ya mikono: chomoa flashi, printa na kila kifaa cha nje, ondoa kwa muda programu ya kuzuia virusi ya kampuni nyingine, pakua draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta, kisha ujaribu tena.

Kupakua kwa mkono, au kusubiri Jumanne

Microsoft ina tovuti iitwayo Microsoft Update Catalog ambako kila sasisho linapatikana kama faili inayosimama yenyewe. Unaandika namba yake inayoanza na KB, unachagua iliyoandikwa x64 kama kompyuta yako ni ya Intel au AMD, unapata faili yenye mwisho wa .msu, unaibofya mara mbili. Uzuri wake ni kwamba inaruka hatua ya kwanza yote. Unaweza kuipakua kazini au kwa rafiki mwenye mtandao mzuri, ukaibeba kwenye flashi hadi kijijini. Ubaya ni kwamba kifurushi cha katalogi mara nyingi ni kikubwa kuliko kile ambacho Windows ingejipakulia, kwa kuwa Windows huchagua vipande inavyohitaji tu, na katalogi hukupa vyote. Kwa Windows 11 toleo la 24H2 unaweza kukuta faili mbili, ya mwezi husika na ya msingi iliyotoka Septemba 2024 yenye namba KB5043080. Ziweke zote katika folda moja kabla ya kuanza. Na kama ghala la mfumo ni bovu, faili hii itagoma palepale lilipogomea sasisho la kawaida, kwa kuwa nayo hupita katika ghala hilohilo. Nimeona watu wakipakua sasisho moja kwa mkono mara nne, kana kwamba tatizo lilikuwa kwenye faili.

Njia isiyogharimu chochote ni kusubiri. Microsoft hutoa masasisho ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa 4 asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, ambayo kwetu Afrika Mashariki ni saa 2 au saa 3 usiku kutegemea majira ya kwao. Masasisho hayo ni limbikizi: la mwezi huu limebeba na yale ya miezi iliyopita. Kwa hiyo sasisho la mwezi mmoja likigoma, na kompyuta inafanya kazi vizuri, si kosa kuliacha na kulisubiri la mwezi unaofuata, ambalo linaweza kuingia bila neno. Windows 11, hata toleo la nyumbani, hukuruhusu kusimamisha masasisho hadi wiki 5.

Kusubiri mwezi mmoja, hata hivyo, si sawa na kuyazima masasisho moja kwa moja, jambo ambalo baadhi ya watu huliona kuwa suluhisho la kudumu. Kirusi cha WannaCry kiliposambaa duniani tarehe 12 Mei 2017, tundu kilichopitia lilikuwa limekwisha kuzibwa na sasisho la tarehe 14 Machi mwaka huohuo. Miezi miwili ilitosha.

Kusakinisha Windows juu ya Windows

Hii ndiyo njia niliyoitaja mwanzoni. Badala ya kufuta diski, unaiambia Windows ijisakinishe upya juu yake yenyewe: faili zote za mfumo hubadilishwa, ghala la vipande hujengwa upya, huku programu, faili na sehemu kubwa ya mipangilio yako ikibaki. Kwa matatizo ya hatua ya pili yaliyoishinda DISM, na kwa baadhi ya yale ya hatua ya tatu, hakuna njia ninayoiamini zaidi.

Ipo milango miwili ya kuiingilia. Katika Windows 11 toleo la 22H2 lililopata masasisho ya Februari 2024 au ya baadaye, kuna kitufe kwenye sehemu ya "Recovery" ya mipangilio kinachosema "Fix problems using Windows Update". Ukikibofya, kila kitu hufanyika chenyewe, ila hupakua gigabaiti kadhaa, na kwa vile hupita kwenye Windows Update, hakimfai yule ambaye Windows Update yake haipakui chochote. Mlango wa pili ni ISO kutoka tovuti ya Microsoft. Ukiibofya mara mbili hufunguka kama CD, unaendesha setup.exe iliyomo ndani, na baada ya kurasa chache unafika penye chaguo la kubakiza faili na programu.

Hapo ndipo pa kusimama na kusoma kwa makini. Kama chaguo la kubakiza faili pamoja na programu limefifia na halibofyeki, usiendelee, kwa sababu yaliyobaki yote hufuta programu. Sababu huwa ni tatu: ISO ni ya zamani kuliko Windows iliyomo, ni ya aina nyingine, kwa mfano Pro badala ya Home, au lugha haifanani. Hili la lugha huwapata sana wenye kompyuta za mtumba zilizotoka Uingereza. Windows zao mara nyingi husakinishwa kwa Kiingereza cha Uingereza, ambacho kwenye orodha ya Microsoft huitwa "English International", ilhali mtu hupakua iliyoandikwa "English" peke yake, ambayo ni ya Marekani. Gigabaiti zaidi ya 5 zinateketea kwa neno moja. Andika dism /online /get-intl kwenye dirisha la amri kabla ya kupakua, uangalie lugha ya mfumo: en-GB ni ya Uingereza, en-US ni ya Marekani.

Gharama nyingine ni nafasi na muda. Mimi siianzi kazi hii bila gigabaiti 20 zilizo tupu, kwani Windows ya zamani huwekwa kando katika folda ya Windows.old kwa siku 10 ili uweze kuirudia ukijuta. Kwenye diski ya SSD, ile ya kisasa isiyozunguka, kazi huisha kabla ya mechi ya mpira kwisha. Kwenye diski inayozunguka inaweza kula mchana mzima. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linaloficha data yote ya diski, hakikisha unao ule ufunguo wa tarakimu 48, ambao kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, kabla ya kugusa chochote. Mlinzi huyu hamtambui hata mwenye nyumba akija bila ufunguo.

Kinachofanana nayo kwa jina, na kinachowapoteza wengi, ni "Reset this PC" yenye chaguo la kubakiza faili. Faili hubaki kweli, lakini programu zote ulizoziweka huondolewa, na unaachiwa orodha yake kwenye eneo kazi kama risiti ya msiba. Nayo ina namna mbili: kusakinisha kutoka ndani, ambako hakuli bando lakini hutegemea faili zilezile zinazoumwa, na kupakua kutoka Microsoft, ambako kunahitaji gigabaiti zipatazo 4. Kwa maoni yangu namna hii ina nafasi finyu. Anayetaka kubakiza programu atumie ISO. Anayetaka usafi kamili apige mpya.

Lini kupiga mpya ndiyo njia sahihi

Kupiga Windows mpya kwa flashi ya gigabaiti 8 au zaidi ndiyo njia yenye uhakika mkubwa na hasara kubwa. Hufuta, na hakuna kurudi. Hata hivyo ziko hali tatu ambapo ningeichagua bila kusitasita. Ya kwanza ni pale kompyuta ilipoingiwa na virusi. Ya pili ni pale diski yenyewe inapokufa, kwa maana hakuna amri inayotibu diski inayotoa mlio wa kugonga. Weka SSD, kisha anza upya. Ya tatu ni ya kwetu zaidi: Windows iliyochezewa. Zipo nakala zinazozunguka madukani ambazo aliyezitengeneza alizima huduma ya masasisho makusudi ili uwezeshaji wake wa wizi, yaani kuifanya Windows idhani ina leseni, usigundulike, na mteja hukaa mwaka mzima akijiuliza kwa nini sasisho haliji. Kuitengeneza nakala kama hiyo ni kupaka rangi nyumba ya mchwa.

Jambo ambalo mafundi wachache huwaambia wateja ni kwamba leseni halali hukumbukwa kwa maunzi ya kompyuta. Ukisakinisha aina ileile iliyokuwepo, Home kwa Home au Pro kwa Pro, itajiwezesha yenyewe ikipata mtandao, pasipo kununua ufunguo mwingine.

Mwanamke mmoja tuliyesali naye, mhasibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, alipeleka kompyuta kwa fundi kwa sababu sasisho lilikuwa likigoma. Alirudishiwa siku hiyohiyo ikiwa nyepesi kama mpya, bila daftari la mikopo la miaka minne. Hakuulizwa, naye hakujua kwamba alipaswa kuulizwa. Kwa hiyo, njia yoyote kati ya hizi isianze kabla nakala ya faili muhimu haijakaa kwenye diski ya nje. Hata zile zilizo salama, kwa kuwa toleo la 1809 la Windows 10, lililotoka tarehe 2 Oktoba 2018, lilisimamishwa baada ya siku chache kwa sababu baadhi ya watumiaji walipoteza faili zao, na hao hawakufanya kosa lolote.

Magonjwa mawili yasiyo ya dawa hizi

Ziko hali ambazo ulinganisho wote wa hapo juu haufai, na mtu anayeutumia atajichosha bure.

Tarehe 9 Januari 2024 Microsoft ilitoa sasisho KB5034441 kwa ajili ya Windows 10. Kwenye kompyuta nyingi liligoma na 0x80070643. Namba hiyo ni ya jumla na haikusema kitu, lakini sababu ilikuja kufahamika: sasisho lile lilihitaji megabaiti 250 tupu kwenye patisheni (sehemu ya diski iliyotengwa) ndogo ya uokoaji, ile isiyoonekana kwenye orodha ya diski, na kompyuta nyingi hazikuwa nazo. DISM isingeweza kusaidia, kufuta folda kusingesaidia, na kupakua kwa mkono kusingesaidia. Kilichotakiwa ni kupunguza kidogo patisheni ya C na kuipanua ile ya uokoaji, kwa hatua ambazo kampuni yenyewe ilizichapisha. Kupiga Windows mpya kwa ajili ya hilo kulikuwa kuua mbu kwa rungu. Hatua zile, hata hivyo, zinahusisha kufuta patisheni na kuijenga tena, na kwa mtu asiyejua kutofautisha namba za patisheni ningesema hii ni kazi ya kumwachia fundi, au ya kuachwa kabisa kama kompyuta inaendelea kupokea masasisho mengine.

Hali ya pili ni kwamba huenda hakuna kilichogoma. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kompyuta iliyonyamaza tangu hapo haiumwi. Mwenye nayo anaweza kujiandikisha katika mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama, unaofika tarehe 13 Oktoba 2026, ama kwa kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya Microsoft bila malipo, ama kwa kulipa dola 30 za Marekani, mradi awe kwenye toleo la 22H2. Vilevile, kompyuta isiyo na TPM 2.0, kifaa cha usalama kilichojengewa ndani yake, au yenye prosesa ya Intel ya kabla ya kizazi cha 8 haitapewa Windows 11 kwa njia ya kawaida, hata uifute folda mara mia.

Kwa yeyote aliyechagua njia yake, kimebaki kitu kimoja ambacho hakuna amri inayokiongoza, nacho ni umeme. Hatua ya tatu ifanywe betri ikiwa imejaa na chaja ikiwa ukutani, na kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS, yaani betri ya akiba ya nje, ifanywe saa ambazo mtaa wenu haukatiwi. Umeme ukikatika katikati, Windows kwa kawaida hujaribu kutendua na kurudi nyuma ikiwashwa tena, na kurudi nyuma huchukua muda mrefu kuliko kwenda mbele, wakati mwingine zaidi ya saa nzima kwenye diski ya zamani. Kioo kinaweza kuonekana kimeganda. Angalia kitaa kidogo cha diski upande wa mbele au pembeni mwa kibodi: kikiendelea kupepesa, iache.